Uchaguzi wa Sent Odila, Ulivyoangaliwa kutoka Bertrams

Kwa heshima na taadhima tunautangazia umma wa Bertrams, Newtown, Braamfontein, Johannesburg yote na dunia kwa ujumla kwamba uchaguzi mkuu wa wabunge wa visiwa vya Sent Odila, uliofanyika Novemba mwaka 2018, ulikuwa huru na wa haki, isipokuwa zile saa mbili na nusu umeme ulipokatika kwetu, ambazo hatuwezi kuzisemea.

Kwa asiyejua, Sent Odila iko bahari ya Karibiani, upande wa pili wa dunia. Ina wabunge kumi na tano, na watu wake wote ukiwakusanya hawafikii wale wanaoshuka Park Station Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Hakuna hata mmoja wao aliyetuita. Hilo halikutuzuia. Mwangalizi wa kweli hangoji kuitwa.

Tulitumwa na Umoja wa Waswahili wa Bertrams na Vitongoji Vyake, chama cha Wakongomani, Warundi na Watanzania wa mitaa hii, kilichoundwa ili tusaidiane kwenye misiba na harusi. Umoja una mali: viti vya plastiki mia moja na arobaini, maturubai mawili, na sufuria nne ambazo mtu mzima anaweza kuoga ndani. Una na Rais pia, Mheshimiwa Évariste, aliyechaguliwa mwaka 2009 kwa kipindi cha miaka miwili, na mpaka hapo alikuwa bado anakimalizia.

Mali hiyo yote ilikuwa nyumbani kwa Mheshimiwa, ghorofa ya nne, flati namba nne, kwa sababu za kiusalama. Ukifiwa, unajaza fomu ya viti. Fomu inapokelewa na Katibu Mtendaji, Firmin, mwenye duka la intaneti na fotokopi pale karibu na uwanja wa Ellis Park. Firmin anaipandisha kwa Mheshimiwa, Mheshimiwa anaitafakari, akiridhika anapiga muhuri. Muhuri haumtoki mfukoni. Karatasi haipiti mbele yake ikatoka tupu. Mimi nimemuona kwa macho yangu akigonga muhuri risiti ya kuku wa kuchoma.

Asiporidhika, hupati. Na usidhani utakwenda kuazima viti kwa wengine, maana Kifungu cha Kumi na Nne cha katiba yetu kinasema shughuli iliyofanyika bila viti vya Umoja haikufanyika. Aliyehudhuria shughuli ambayo haikufanyika anafutwa kwenye orodha, ili siku yake ikifika na yeye azikwe watu wamesimama. Ni utaratibu mzuri. Umetuletea umoja mkubwa.

Mimi naitwa Léonce, naangalia magari ya watu Newtown. Mke wangu Vestine alifariki mwaka mmoja na miezi miwili kabla ya uchaguzi huu. Wiki chache kabla hajaugua, nilikuwa nimesimama mkutanoni nikauliza kwa adabu zote, "Mheshimiwa, uchaguzi ni lini?" Watu wakakohoa. Basi msiba ulipofika, fomu yangu ikakutwa na kasoro. Nilikuwa nimeijaza kwa kalamu nyekundu. Siku tatu watu walimlilia Vestine kwa miguu yao. Wanakwaya wenzake waliegemea ukuta kama wanaosubiri basi. Mama mmoja mjamzito alikalia ndoo ya rangi, akaenda kwake na duara jeupe kwenye kitenge. Sisemi haya kwa uchungu. Nayataja kama historia ya utaratibu.

Kilichobaki sasa kilikuwa kuondoa matanga. Kwetu sisi, matanga yasipoondolewa bado uko msibani. Huendi harusi ya mtu, hunyoi ndevu, redio haiwashwi ndani, na nguo za marehemu hazifunguliwi. Nguo za Vestine zilikuwa kwenye sanduku, na sanduku lilikuwa kati ya kitanda na mlango, chumba chenyewe ndicho hicho. Nalivuka asubuhi kwenda kazini, nalivuka jioni nikirudi. Wa kulifungua ni dada yake mkubwa, Olive, aliyetoka Bujumbura kwa mabasi, siku sita njiani, na pale mpakani Beitbridge wakamgongea siku thelathini kwenye pasi. Siku hizo zilikuwa zinakwisha Jumatatu ya tarehe kumi na tisa Novemba.

"Shemeji," Olive aliniambia, "mimi sina safari nyingine kama hii mwilini mwangu. Ikifika Jumatatu hatujafanya, hilo sanduku utazikwa nalo."

Nikapeleka fomu. Kalamu ya bluu. Mheshimiwa akaniita nyumbani.

Flati namba nne unaingia kwa ubavu. Viti vimepandishwa hadi dari, sebule nzima, ukabaki ujia mmoja wa kupita mtu mwembamba. Binti yake, Sagesse, anayesoma chuo kikuu Braamfontein, alikuwa ameketi juu ya mnara wa viti akiandika kazi ya chuo juu ya mnara mwingine, kichwa kimekaribia taa. Mama mkwe wa Mheshimiwa, Bibi Célestine, analala kwenye chumba cha sufuria. Akijigeuza, jengo zima linajua.

"Papa Léonce," akasema Mheshimiwa, "ombi lako liko kwenye mchakato."

"Mchakato unaisha lini, Mheshimiwa?"

"Mchakato hauishi. Ukiisha huo si mchakato tena."

Nikamshukuru kwa ufafanuzi. Kisha akanieleza kilichomsumbua. Rais wa chama cha watu wa Yeoville alikuwa amealikwa kuangalia uchaguzi wa wanafunzi, akapewa na kofia. Picha yake na hiyo kofia ilikuwa imezunguka simu zote za Johannesburg. Mheshimiwa wetu hakulala. Alimwagiza Firmin atafute nchi yoyote yenye uchaguzi ndani ya wiki mbili, iwe huru na iwe mbali.

"Wewe unafanya kazi gani vile?" akaniuliza.

"Kuangalia magari, Mheshimiwa."

"Miaka mingapi?"

"Kumi na miwili."

"Yameibiwa mangapi?"

"Moja tu. Na lilikuwa la polisi."

"Huyu ana uzoefu," akamwambia Firmin. "Muandike Mwangalizi Msaidizi. Papa Léonce, ripoti ya Sent Odila ikikamilika, fomu yako tutaitazama kwa jicho la huruma."

Kutoka juu ya mnara Sagesse akasema kwa Kiingereza kitu ambacho sikukielewa. Mama yake alicheka jikoni, lakini baba yake hakucheka.

Kuhusu kibali, sheria ya kimataifa ilifuatwa. Firmin aliwaandikia barua pepe tume ya uchaguzi ya Sent Odila, na jibu likaja ndani ya sekunde tatu: *Asante kwa kutuandikia. Ujumbe wako umepokelewa. Ofisi itafunguliwa Jumatatu.*

"Sekunde tatu!" alisema Mheshimiwa. "Mnaona serikali inayofanya kazi? Walikuwa wanatungoja."

Jibu likachapishwa, likagongwa muhuri, likafunikwa kwa plastiki, likatundikwa juu ya mashine ya fotokopi.

Siku ya siku, Alhamisi ya tarehe nane, tulikuwa kituoni saa sita kamili mchana, ambapo kwao ndiyo kwanza kunapambazuka. Kituo kilikuwa kompyuta ya tatu kutoka mlangoni, ile isiyo na herufi F. Nilivaa kizibao changu cha kazini, kile cha kijani kinachong'aa, Firmin akanibandikia mgongoni karatasi iliyoandikwa MWANGALIZI. Mheshimiwa alikuja na darubini. Alikaa hatua mbili kutoka kwenye kompyuta, akaangalia kwa darubini. Wateja wa fotokopi walipita katikati wakiomba radhi.

Televisheni ya Sent Odila ilionyesha foleni. Watu wametulia, wengine wana miavuli. Mara kamera ikamfikia bibi mmoja wa kofia ya ukili, amekaa kwenye foleni, kwenye kiti cha kukunja. Foleni ikasogea, bibi akainuka, akakunja kiti chake, akasogea, akakikunjua, akakaa.

Mheshimiwa akashusha darubini.

"Hicho kiti ni cha nani?"

"Inaonekana ni chake," nikasema.

"Amejaza fomu wapi?"

Kamera ikarudi nyuma. Wazee watatu, viti vitatu, kila mtu na chake. Mheshimiwa akatoa kitambaa akajifuta shingo. "Raia wana viti vyao wenyewe," alisema polepole. "Nchi kama hiyo inatawaliwaje?"

"Niandike?"

"Andika kasoro ndogo."

Lakini yapo aliyoyapenda, na hayo ndiyo yalitufikisha tulipofika. Mtangazaji alieleza kwamba kule Waziri Mkuu anaitisha uchaguzi siku anayotaka yeye. Firmin akatutafsiria. Mheshimiwa akasema, "Rudia." Firmin akarudia. Tena mtangazaji akaeleza kwamba Waziri Mkuu hapigiwi kura na nchi nzima. Anapigiwa na jimbo lake tu, lile dogo analotoka. Wakishamchagua hao wa kwake, na watu wake wakiwa wengi bungeni, basi, yeye ndiye mkubwa wa wote.

"Hao wa kwake tu?" aliuliza Mheshimiwa.

"Hao tu."

"Wengine wakimchukia?"

"Wamchukie."

Sijawahi kumuona mtu akielimika kwa kasi ile. Hapo hapo akaagiza Katibu Mtendaji anakili sheria yote ya uchaguzi ya Sent Odila, aigeuze Kiswahili, aweke Umoja mahali palipoandikwa Sent Odila na Rais mahali palipoandikwa Waziri Mkuu. Asiache hata nukta. Kisha umeme ukakatika, naye akaenda kula.

Kesho yake saa moja asubuhi nilipita kwa Firmin nikielekea kazini. Matokeo yalikuwa yametoka. Waziri Mkuu wa Sent Odila alikuwa ameanguka kwenye jimbo lake mwenyewe, alikozaliwa, alikobatizwa, alikojenga daraja. Alishindwa kwa kura kumi na moja tu. Walimwonyesha anatoka ofisini amebeba kalenda ya ukutani. Nikayaandika yote hayo kwa mkono wangu kwenye ukurasa wa tatu wa ripoti, nikaipeleka flati namba nne. Mheshimiwa alisoma ukurasa wa kwanza hadi mstari wa "huru na wa haki", akasema "safi", akagonga muhuri kurasa zote tatu bila kuzigeuza vizuri.

Hakuniuliza kuna nini mbele. Na mwangalizi hatakiwi kuingilia.

"Na fomu yangu, Mheshimiwa?"

"Hivi ninavyokwambia tunaingia kwenye kipindi cha uchaguzi. Kipindi cha uchaguzi serikali haigawi viti. Itaonekana rushwa."

Ndivyo tulivyojua kwamba Umoja nao unafanya uchaguzi, baada ya miaka tisa, Jumamosi ya tarehe kumi na saba. Tangazo lilibandikwa kwenye spaza zote, vile viduka vya mtaani: Umoja umeingia Mfumo wa Karibiani. Tume ya Mipaka, yaani Mheshimiwa, ilikuwa imeugawa katika majimbo saba. Majimbo sita yalikuwa mitaa na majengo, wanachama ishirini, thelathini kila moja. Jimbo la saba liliitwa Jimbo la Kati. Mipaka yake ilikuwa kuta za flati namba nne, na wapiga kura wake walikuwa Mheshimiwa Évariste, mkewe Jocelyne, mama mkwe, na Sagesse.

Rais lazima awe mbunge wa jimbo. Asiye na jimbo hana urais. Firmin hakuacha hata nukta.

Katika yale majimbo sita hakukuwa na vurugu yoyote. Fomu za kugombea zilikuwa kwenye kabati, kabati liko nyuma ya viti, na viti haviwezi kutolewa kipindi cha uchaguzi. Waliopata fomu ni marafiki sita wa Mheshimiwa waliokwisha kuzijaza kabla. Wakapita bila kupingwa. Ila Mheshimiwa ni mtu anayependa mambo kamili. Ushindi bila mpinzani hauna picha. Basi akamwita mkewe, mimi nikiwepo na kizibao changu.

"Mama Sagesse, Jumamosi utanipinga."

"Mimi?"

"Kuanzia saa nne mpaka saa sita. Kidogo tu. Baadaye upike, kuna wageni wa kunipongeza."

"Nikupinge na nini, Papa Sagesse? Nina sera gani?"

"Sera si lazima. Jaza jina hapa."

Jocelyne akaifuta mikono, akajaza jina. Kalamu ya bluu.

Wiki ile sikula vizuri. Olive alikuwa amekwisha kufunga begi lake la safari, ameliweka juu ya lile sanduku, kwa hiyo sasa navuka vitu viwili. Ijumaa akaenda kusukwa nywele kwenye saluni ya Jocelyne, maana matanga yaondoke Jumapili au yasiondoke, hawezi kurudi Bujumbura kichwa wazi. Alirudi mikono kichwani. Nikamuuliza, wamekuumiza kichwa?

"Huyo mama ananisuka, ananiambia, 'Dada yako nilimsuka miaka saba. Siku ya kilio chake nilisimama na mimi. Nyumbani nilikuwa na viti mia na arobaini, nikasimama siku tatu, nikarudi nyumbani nikakosa pa kukaa kwa sababu ya viti.' Halafu shemeji, akaacha kusuka. Akashika kitana hivi, muda mrefu."

"Akasema nini tena?"

"Akasema, 'Mwambie Papa Léonce anunue mchele.'"

Sikununua. Mimi maneno ya nyumba ya wakubwa nilishayanunua mara moja.

Jumamosi saa nne asubuhi Jimbo la Kati lilifunguliwa rasmi. Mimi ndiye niliyekuwa mwangalizi na msimamizi, kwa kuwa ndiye pekee niliyekwisha kuona uchaguzi wa Karibiani mwanzo hadi mwisho, ukiondoa saa mbili na nusu. Katibu Mtendaji alikuwepo na simu ya kupigia picha. Sanduku la kura lilikuwa sufuria moja kati ya zile nne, yenye mfuniko. Chumba cha siri kilikuwa bafu. Wino wa kupaka kidole ulikuwa rangi ya nywele kutoka saluni ya Jocelyne, ile ya kufichia mvi, haitoki hata kwa jiki.

Nikawasomea kanuni, kama inavyotakiwa. Ya tisa inasema: mpiga kura ataweka alama moja ya X mbele ya jina moja, karatasi yenye alama nyingine yoyote, jina, saini au mchoro, imeharibika na haitahesabiwa.

"Tumeelewa," alisema Mheshimiwa, akiangalia saa.

Bibi Célestine akaingia wa kwanza. Alikaa bafuni mpaka tukamgongea. Akatoka, akatumbukiza karatasi, akachovya kidole, akaniambia, "Kijana, mimi hii ndiyo kura yangu ya kwanza tangu nizaliwe. Tamu." Sagesse akaingia akatoka. Jocelyne akaingia akatoka, kitambaa cha jikoni begani. Mwisho akaingia Mheshimiwa na koti lake, akafunga mlango.

Tukangoja. Halafu kwa ndani, juu ya ukingo wa sinki, tukasikia:

Pah!

Firmin akanitazama, Jocelyne akatazama dari. Mimi niliandika kwenye daftari: *mpiga kura wa nne alipiga kura kwa utulivu.*

Saa sita kamili nikafunga kituo. Kuhesabu kulinipa shida kidogo kwa sababu sufuria ile ni ya pilau ya watu mia mbili na kura zilikuwa nne. Niliingiza mkono mpaka begani.

"Jocelyne," nikasoma ya kwanza.

"Vizuri," alisema Mheshimiwa. "Ushindani."

"Évariste."

"Sasa."

"Jocelyne."

Mheshimiwa akachungulia sufuria. Nikaingiza mkono tena, nikapapasa chini, nikaitoa ya nne. Ilikuwa na X safi kabisa mbele ya jina la Évariste. Na juu ya X, katikati, wino wa zambarau ukiwa bado haujakauka vizuri, kulikuwa na duara: UMOJA WA WASWAHILI, OFISI YA RAIS.

"Hiyo ni yangu!" akasema.

"Kura ni siri, Mheshimiwa," nikasema. "Hatuwezi kujua ni ya nani."

"Ni yangu! Mbili kwa mbili! Na zikilingana, kura ya uamuzi ni ya Rais!"

"Ina alama nyingine. Kanuni ya tisa."

"Hiyo si alama, huo ni muhuri!"

"Papa," alisema Sagesse, kwa Kiswahili, akikichagua neno kwa neno kama mtu anayevuka barabara taa za robot zikiwa zimekufa, "hata mimi nimeiona. Imeharibika."

Basi nikatangaza, kwa sauti ile ninayowaitia wenye magari: Jocelyne kura mbili, Évariste kura moja, iliyoharibika moja. Mheshimiwa akageuka kuwatazama wanawake wake watatu, mmoja mmoja. Kidole cheusi, kidole cheusi, kidole cheusi.

"Kura moja ni ya nani?" aliuliza. "Aliyenipa mimi ni nani?"

"Ni mimi, mkwe wangu," alisema Bibi Célestine. "Ningeanzaje kukunyima?"

"Ni mimi, Papa Sagesse," alisema Jocelyne. "Mtu hajipigii mwenyewe, ni tabia mbaya."

"Eish, ni mimi, Papa," alisema Sagesse.

Kura moja, na watatu wakaapa ni yao. Kwenye ripoti niliandika kwamba mgombea alionekana kuwa na mvuto.

"Uchaguzi huu haukuwa huru!" alisema Mheshimiwa. "Katibu, andika! Haukuwa huru wala wa haki!"

Firmin akakohoa. Ni mtu muungwana, lakini duka ni lake na plastiki ya kufunikia karatasi imepanda bei. "Mheshimiwa, ripoti ya leo tuliichapa juzi, Alhamisi. 'Huru na wa haki.' Uliigonga mwenyewe, nakala saba. Na kule Sent Odila..." Akanitazama.

"Ukurasa wa tatu," nikasema.

Akausoma akiwa amesimama. Alipofika kwenye kalenda ya ukutani, akatafuta pa kukaa. Mia moja na arobaini vilikuwa pale, lakini vyote vimepandana, huwezi kukalia kimoja bila kuangusha kumi. Ikabidi akae kwenye ukingo wa bafu.

Wale wabunge sita walikuwa kwenye ngazi, wamekuja na mashati meupe kwa ajili ya picha za kupongeza. Watu ambao saa tano na nusu walikuwa tayari kufa kwa ajili ya Mheshimiwa. Saa sita na dakika kumi walikuwa wameingia kwa ubavu, mmoja mmoja, wakamchagua Jocelyne kuwa Rais kwa kauli moja, na mmoja wao, yule wa jengo la kona, akamshikia kitambaa cha jikoni kwa mikono miwili kama hati ya ardhi.

Rais mpya alitoa amri yake ya kwanza akiwa bado hajavua aproni. Viti vyote vitoke leo. Kila jengo likae na viti ishirini, atakayefiwa abishe mlango wa jirani. Kabati lisukumwe, fomu zilizobaki zipelekwe kwa Firmin akachapishie upande wa pili.

"Na Papa Léonce," akasema, "mchele ulinunua?"

"Sikununua, Mheshimiwa."

"Mimi nilijua. Nilinunua mimi. Na usiniite hivyo, niite Mama Sagesse."

Nikatazama daftari langu.

Lifti ya jengo lile ilikufa mwaka 2013. Ni ghorofa nne kwenda chini na ngazi ni nyembamba. Bibi Célestine akamwendea mkwe wake pale bafuni, akamshika bega kwa upole. "Mkwe wangu, ulivipandisha wewe. Nani anavijua kama wewe? Vua koti."

Jumapili tulikaa kwenye uwanja wa nyuma wa jengo letu. Nasema tulikaa. Wanakwaya walikaa, safu mbili, na waliimba wamekaa mpaka ubeti wa mwisho ndipo wakainuka kwa hiari yao. Yule mama wa ndoo alikuja na mtoto wake anayetembea sasa, akamkalisha kiti cha peke yake. Olive alifungua sanduku mbele ya watu. Kulikuwa na vitenge kumi na kimoja, viatu vya kanisani, sweta moja ambalo sikulikumbuka. Akagawa kila kitu kwa mikono yake, na kitenge cha kijani akamfunga Jocelyne kiunoni. Mimi nilikuwa nimenyolewa asubuhi, kidevu kinapigwa na upepo kama cha mtu mwingine. Nikasimama nikasema matanga ya Vestine yameondoka, asanteni, kuleni. Nilikuwa nimepanga kusema mengi kuhusu viongozi. Nilimwona Olive anacheka na jirani, nikayaacha.

Katikati ya chakula akafika ndugu mmoja kutoka Pretoria, binamu wa mbali wa marehemu, suti ya kijivu, hajui mtu wa hapa hata mmoja. Akaangaza macho kutafuta pa kukaa. Pale kwenye mlango wa ngazi akamwona mwanamume mmoja wa makamo, shati limelowa jasho, ameshika viti viwili kila mkono.

"Wewe wa viti!" akamwita kwa vidole. "Lete kimoja huku. Na kifute, kina vumbi."

Évariste akasimama katikati ya uwanja. Akanitazama mimi, usoni kabisa, kama mtu anayesubiri mwenyeji amtambulishe kwa mgeni.

Nikakitazama kiti.

"Kweli," nikasema, "kina vumbi."